"SOSI IMEZIDI"!!! Naacha mashindano ya nyama choma, jiko linauzwa

Moshi_wa_Jana:

Sijalala. Ni saa tisa usiku, nimekaa kwa ngazi za ploti naandika na kidole kimoja maana kile kingine kimefungwa bandeji, na kila nikifumba macho naona maneno mawili ya kalamu ya bluu. Sosi imezidi.

Wasee, mnamjua. Sitamtaja, sina haja. Kama umewahi kuchoma nyama ya mashindano popote kati ya Kitengela na Thika, unamjua. Yule wa kofia. Yule anayeshika nyama kwa vidole viwili kama ameokota soksi ya mtu. Huyo huyo.

Nianzie Ijumaa. Saa kumi alfajiri niko Kiamaiko, baridi ya kung'ata masikio, napapasa mbuzi viuno kama daktari wa kliniki. Nikachagua dume la Galla, jeupe, si mzee si mtoto, macho maangavu. Akachinjwa hapo hapo, nikambeba, nikamning'iniza mpaka Jumamosi. Kwa sababu mbuzi wa kuchinjwa na kurushwa kwa moto papo hapo misuli inakuwa imejikaza, utamtafuna mpaka uchaguzi wa 2027. Haya mambo nayajua. Yule wa kofia hayajui, lakini kalamu anayo.

Jumamosi saa kumi na moja asubuhi nimewasha moto. Makaa ya mgunga, si yale mepesi ya kurusha cheche kama fataki. Gunia lenyewe halijawahi kunihurumia tangu ile marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, lakini nikanunua. Nikayangoja mpaka yakavaa jivu jeupe. Mguu nikauweka mbali na moto, mbavu karibu kidogo. Chumvi tu. Narudia, CHUMVI TU. Maji ya chumvi kwa chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, unanyunyiza, unageuza, mafuta yanadondoka tssss, unapangusa machozi na kiwiko. Masaa matatu. Mbavu zikatoka na rangi ya viatu vya mwalimu mkuu Jumatatu asubuhi.

Nikakatia kwa ubao, nikapeleka. Majaji watatu. Wa kwanza akala, akaguna. Wa pili akala, akalamba kidole. NILIONA KIDOLE. Halafu yeye.

Akaangalia. Akauliza, "Tomato iko?"

Nikamwambia kwa heshima, jaji, huyu ni wa chumvi, onja kwanza.

"Kijana, hapa ni mimi ndio naonja."

Kijana! Nina miaka arobaini na moja na mapacha wawili (ndiyo, najua mapacha ni wawili, niacheni). Akanyoosha mkono mpaka meza ya jirani, meza ya wale wa soseji, akachukua chupa, akaipindua, akaipiga kitako mara tatu, pa pa pa, na sosi ikaanguka juu ya mguu wangu wa masaa matatu kama ajali ya Salgaa. Akachukua kipande. Akatafuna mara mbili. Nilihesabu. Mbili. Akashika kalamu, akainamia fomu, na mimi nikasoma kutoka upande wangu, herufi zikiwa miguu juu:

Sosi imezidi.

ALIIMWAGA YEYE. Kwa mkono wake. Pa pa pa.

Sasa mtasema ni sosi tu, nilale. Si sosi tu. Huu ni msimu wa tatu, wikendi baada ya wikendi, na nimeisha. Mke wangu anasema usiku nageuza mto kila dakika kumi, upande huu, upande ule, nikiwa usingizini. Mapacha walichora familia shuleni, mimi ni moshi wenye miguu. Nyama yenyewe haipiti kooni, wiki ya sita hii nakula githeri na ndengu. Na mimi ndiye nilikuwa nachoma Jumapili kwa kaka yangu, tunakula tukiwa tumesimama, ubao hauna hata mahali pa kuweka kisu, ugali ukiiva unakuta mifupa. Siku hizi nikiona makaa tumbo linakaza.

Nimeacha. Jiko linauzwa: pipa lililokatwa katikati, miguu ya chuma, magurudumu mawili ya mkokoteni, wavu mpya. Elfu nne mia tano. Bei itashuka kila nikikumbuka yale maneno mawili.

PipaLaKayole:
Elfu tatu, nakuja leo.

NyanyaMbili:
Pole sana ndugu. Swali dogo tu. Sosi ilikuwa imezidi ama haikuwa imezidi?

Moshi_wa_Jana:
ILIKUWA YAKE.

NyanyaMbili:
Sijauliza ilikuwa ya nani.

SupuYaKichwa:
Huyo wa kofia namjua na ana deni langu. Mwaka jana nilipeleka mutura. Sahani nzima, na kachumbari pembeni. Akala YOTE, akafuta sahani na kipande cha mwisho, akaandika "kiasi kidogo".

Kijiti_cha_Meno:
Moshi, ulimaliza namba ngapi?

Moshi_wa_Jana:
Hiyo si hoja.

Kijiti_cha_Meno:
Namba ngapi bana.

Moshi_wa_Jana:
Tisa.

Kijiti_cha_Meno:
Kati ya?

Moshi_wa_Jana:
Timu kumi ziliandikishwa.

SupuYaKichwa:
Ya kumi haikufika. Gari yao ilikwama Mlolongo.

Kijiti_cha_Meno:
Wueh.

DaktariWaMtaa:
Achana nao ndugu yangu. Hicho unachosikia kina jina, na si uvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kwenye ICD-11, orodha yao ya kuainisha magonjwa na hali za afya, kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona huna tena unachokiweza. Mto, tumbo, "nimeisha", umezitaja zote tatu bila kuulizwa. Wakasema si ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Ruka msimu mmoja. Ukichoma, chomea watu wasio na kalamu.

Kijiti_cha_Meno:
Msongo wa KAZINI. Huyu nani amemwajiri? Si analipa kiingilio mwenyewe?

Moshi_wa_Jana:
Elfu mbili kila shindano. Tisheti unanunua kando.

NilikaaMajuu:
Mimi nimekaa Kansas City miaka sita na hili lisingetokea. Kule kuna Kansas City Barbeque Society, ndio wanasimamia haya mambo. Nyama inaenda mezani kwa kiboksi cha namba, jaji hajui ni ya nani. Meza moja ina majaji sita, alama ni 9 kushuka mpaka 2, ile 1 ni ya waliovunja sheria, na katika zile sita ya chini kabisa inatupwa. Uchovu nao upo, usidhani ni wako peke yako. Kidari cha ng'ombe wanakilaza kwa moshi usiku kucha. Kikifika nyuzi sabini hivi ndani, joto linagoma, masaa yanapita sindano haisogei, mtu mzima amekaa kwa kiti cha plastiki anaongea na nyama. Nimeona wanaume wakilia pale.

SupuYaKichwa:
Kansas ni kaunti ya 48?

NyanyaMbili:
Halafu Kansas City kubwa iko Missouri, si Kansas.

SupuYaKichwa:
Asante mwalimu wa jiografia. Nyama iko wapi?

Moshi_wa_Jana:
Ngojeni. YA CHINI INATUPWA? Kwa hivyo "sosi imezidi" ingeingia kwa pipa la taka???

Kijiti_cha_Meno:
Inategemea. Yule wa kidole alikupa ngapi?

Moshi_wa_Jana:
Nitarudi.

MtuWaPwani:
Nyie watu wa bara mna kelele. Mbuzi wa chumvi kavu, halafu mwashangaa mtu akitafuta sosi. Njooni Mombasa. Mishkaki yalazwa kwa ukwaju na tangawizi na pilipili, jaji mwenyewe ndiye huomba maji.

SupuYaKichwa:
Nyama ikishalazwa kwa ukwaju hata punda anapita.

MtuWaPwani:
Habari za punda kila mwaka zatoka huko huko kwenu, si huku.

Karani_wa_Chama:
Afadhali nyinyi mnapewa fomu. Mimi ni keki. Juzi jaji amekata keki yangu ya tabaka mbili kwa KIJIKO. Kijiko! Akachimba katikati kama anatafuta maji, akaacha kingo. Nilikuwa nimekesha na yale maua ya sukari, kila petali kivyake. Hakuna mtu ananifungulia uzi.

DaktariWaMtaa:
Fungua wako, mama.

Karani_wa_Chama:
Niko hapa tayari.

NyumbaNambaSaba:
Samahani kwa kuingilia. Moshi ameandika "nikamning'iniza mpaka Jumamosi". Kuna mtu amemuuliza alimning'iniza wapi?

Moshi_wa_Jana:
Mahali pa baridi.

NyumbaNambaSaba:
Bafuni. Bafu la ploti. Tunalitumia familia nane. Ijumaa saa mbili usiku nimeingia na beseni na sabuni yangu, stima zimepotea, napapasa ukuta nitafute msumari wa kuangikia taulo, nikashika mguu. Nikasema "samahani" nikatoka.

Kijiti_cha_Meno:
Ulimwomba mbuzi msamaha?

NyumbaNambaSaba:
Nilidhani ni Baba Mapacha.

SupuYaKichwa:
NIMEANGUKA KWA KITI

Moshi_wa_Jana:
Mama Shiru, hayo mambo tulimaliza.

NyumbaNambaSaba:
Hatukumaliza. Mpaka leo nanawa uso tu, kuoga sijaoga. Uliahidi mbavu.

Moshi_wa_Jana:
Mbavu zilienda kwa majaji. Jana jioni si nilikuletea sahani?

NyumbaNambaSaba:
Uliniletea ile ya sosi. Na kwa vile unalia hapa, acha niseme ukweli wa Mungu. Watoto walilamba sahani. Baba Shiru, mtu ambaye hajawahi kusifu chakula tangu tuoane, alisema kama ungeanza hivyo tangu mwanzo ungekuwa na kikombe nyumbani.

NyanyaMbili:
Kwa hivyo haikuwa imezidi.

NyumbaNambaSaba:
Ilikuwa sawa kabisa.

NyanyaMbili:
Basi jaji alikosea, Moshi umeshinda kesi.

Moshi_wa_Jana:
Sitaki kushinda hivyo. Nkt. Elfu nne.

PipaLaKayole:
Elfu mbili mia nane. Niko stejini.

Karani_wa_Chama:
Turudi nyuma kidogo. Familia nane bafu moja? Mnalipa ngapi huko?

NyumbaNambaSaba:
Usiniulize. Na maji ni Jumatano na Jumapili tu, kama caretaker ameamka vizuri.

Karani_wa_Chama:
Siku mbili ni anasa! Huku Umoja wetu amefunga tangi na kufuli, ufunguo uko kwa shemeji yake, shemeji yuko Machakos. Tunanunua mtungi kwa mkokoteni, na yule wa mkokoteni anaongeza bei akiona umevaa kanga ya kuoga.

SupuYaKichwa:
Wetu anasoma mita kwa kuangalia nguo zilizo kwa kamba. Suruali tatu, unit mbili.

MtuWaPwani:
Huku twachota kisimani, ya chumvi. Mngemleta yule mbuzi tukamwosha tu, mngekuwa mmemaliza.

DaktariWaMtaa:
Moshi, uko sawa lakini? Umenyamaza.

PipaLaKayole:
Nimefika kwake. Jiko lina moto, ameniambia nikae kwa ndoo ningoje lipoe.

Kijiti_cha_Meno:
Ha! Si alisema ameacha? Kuna nini juu?

PipaLaKayole:
Mahindi. Manne. Anayageuza polepole, watoto wawili wamechuchumaa hapo. Bado hatujaongea bei, kila nikifungua mdomo ananipa hindi.

Kijiti_cha_Meno:
Ameweka nini, chumvi tu?

PipaLaKayole:
Ndimu na pilipili.

NyumbaNambaSaba:
Huyo aliye na Baba Mapacha, mwambie maji yamefika na yeye ndiye ana ndoo yangu. Ile uliyokalia.