Mjadala: Je, kila mtoto wa chekechea apimwe wasiwasi?

Mleta mada:
Wadau, kuna hoja kwamba kila mtoto anayeanza shule ya awali ajaziwe dodoso la wasiwasi na mzazi wake, kama anavyopimwa uzito na urefu. Wanaoitetea wanasema mtoto mwenye hofu iliyopitiliza hasumbui mtu, hukaa pembeni kimya na kuitwa mpole, hivyo hupita miaka bila kuonekana. Wanaoipinga wanasema hofu ni sehemu ya kukua kwa mtoto wa miaka 3 au 4, na karatasi haina uwezo wa kutofautisha. Mnaofanya kazi hii mnasemaje? Tuzungumzie vipimo vyenyewe.

Mpimaji:
Naunga mkono, kwa sharti. Tuchukue PAS, dodoso la wasiwasi la watoto wa shule ya awali linalojazwa na mzazi, la mtafiti Spence na wenzake, lililochapishwa mwaka 2001. Maswali yenye alama ni 28, kila moja kuanzia 0 hadi 4, kwa hiyo alama ya juu kabisa ni 112. Yamegawanyika mafungu matano: wasiwasi wa jumla, hofu ya kuwa mbele ya watu, hofu ya kutengana na mzazi, mawazo na matendo ya kujirudiarudia, na hofu ya kuumia.

Wengi hukosea kwa kujumlisha na kuishia hapo. Fungu la hofu ya kuumia peke yake lina maswali 7, yaani alama 28, robo ya jumla yote. Humo ndimo zilimo hofu kama za giza, wadudu, radi na mahali pa juu, ambazo kwa umri huu ni za kawaida. Mtoto anaweza kukusanya alama nyingi humo na bado anacheza, analala na kula vizuri. Mwingine ana jumla ileile, ila karibu yote imetoka kwenye kutengana na mzazi na kuogopa watu. Huyo wa pili ndiye wa kumfuatilia. Soma mafungu kwanza, jumla baadaye.

Mtakwimu:
Mpimaji, hujagusa hesabu inayoiua hoja yako. Tuchukue mfano wa kubuni: watoto 1,000, na 50 kati yao wana tatizo la kweli. Tuseme dodoso linawanasa 80 kati ya kila 100 wenye tatizo, na linawaacha salama 80 kati ya kila 100 wasio nalo. Hicho si kipimo kibaya. Utawanasa wagonjwa 40. Lakini kati ya wazima 950, utawanasa 190 bure. Umeita wazazi 230, na watoto wenye tatizo kweli ni 40 tu, kama 17 kwa mia.

Ukipandisha kizingiti, yaani alama ambayo mtoto akiifikia mzazi anaitwa, ili wazima 95 kwa mia wapite salama, huku ukikubali kunasa wagonjwa 60 tu kwa mia, unabaki na 30 wa kweli na takriban 48 wa bure, lakini 20 wenye tatizo wamekuponyoka. Hakuna kizingiti kisicho na gharama, anayekichagua anachagua nani aumie. Hata jopo la kitaifa la huduma za kinga la Marekani, mwaka 2022, lilipendekeza uchunguzi wa wasiwasi kwa watoto wa miaka 8 hadi 18, na kwa wa miaka 7 kushuka chini likasema ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza.

Mwalimu wa Awali:
Hata hizo hesabu zinachukulia kwamba mjazaji anaona kila kitu. Haoni. Uchambuzi wa mtafiti Achenbach na wenzake wa mwaka 1987, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta uwiano wa majibu ya wazazi wawili wa mtoto mmoja ni karibu 0.60 (1 ni kulingana kabisa, 0 ni kutohusiana). Kati ya watu wa nafasi tofauti, mfano mzazi na mwalimu, unashuka hadi 0.28. Watu husema mmoja wao kakosea. Si lazima: mtoto anayeongea nyumbani kama redio anaweza asitoe neno shuleni muhula mzima, na wote wawili wakawa wamejibu kweli.

Kwa hiyo mwalimu naye ajaze. SDQ, dodoso fupi la tabia na hisia za mtoto, ina maswali 25, na yapo matoleo ya mwalimu, likiwemo la watoto wa miaka 2 hadi 4. Ila maswali ya hisia ni 5 tu, kila moja alama 0 hadi 2, kwa hiyo jibu moja la kubahatisha linasogeza matokeo sana. Na tafadhali msituletee fomu wiki ya kwanza ya shule. Kilio cha langoni wiki hiyo ni cha karibu kila mtoto. Hata vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, vya hofu ya kutengana vinataka dalili zidumu angalau wiki 4 kwa watoto.

Mtafiti:
Mbona hakuna aliyemtaja mtoto mwenyewe? Ukimpa mtoto wa miaka 4 ngazi ya alama tano, au picha za nyuso kuanzia ya furaha hadi ya huzuni, atachagua ya mwanzoni au ya mwishoni, au ile iliyompendeza. Njia inayofanya kazi zaidi ni ya vikaragosi viwili vinavyofanana, wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono, kama katika usaili wa watoto uitwao wa Berkeley. Kimoja kinasema, "Mimi naogopa kuachwa shuleni." Cha pili kinasema, "Mimi siogopi kuachwa shuleni." Kisha mtoto anaulizwa, "Na wewe je?"

Inapoharibika ni hapa: watoto wengi huchagua kilichosema mwisho. Lazima zamu zibadilishwe, mara kikaragosi cha kushoto kianze, mara cha kulia, na kile chenye hofu kisiwe kilekile kila mara. Sauti pia. Msaili akiisemesha kauli ya hofu kwa unyonge, ameshampa mtoto jibu.

Wanaopendekeza kupima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na mfadhaiko, kwenye mate nawaambia wapunguze kasi. Kiwango chake hupanda hadi kilele kama nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka mchana kutwa. Mtoto aliyeamka saa 12 na aliyeamka saa 2, ukiwachukua mate saa 3 asubuhi, unalinganisha saa walizoamka. Athari ya kitu kilichomshtua huonekana kwenye mate baada ya dakika 20 hadi 30, na maziwa yaliyobaki mdomoni huvuruga kipimo. Na hata ukipata namba safi, ni namba ya mwili kujiandaa. Msisimko nao huipandisha.

Mpimaji:
Mtakwimu, hesabu yako naikubali, ila inaua uchunguzi wa hatua moja. Sharti langu ni hili: pasipo na hatua ya pili, dodoso lisigawiwe kabisa. Hatua hiyo ni usaili wa mzazi wenye mpangilio, kama PAPA, uliotengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 5. Msaili haridhiki na "ndiyo, anaogopa". Ndani ya miezi mitatu iliyopita imetokea mara ngapi? Ikianza hudumu dakika ngapi? Anatulizika? Ilianza lini? Imeizuia familia kufanya nini?

Hilo la mwisho ndilo kipimo changu kikuu, kwa sababu kuna sifuri za uongo. Mzazi ameshaacha kwenda kwa ndugu, analala na mtoto kila usiku, humjibia kila anaposalimiwa. Ukimuuliza kama mtoto hulia akiachwa, anasema hapana, na ni kweli, maana haachwi. Fomu inarudi safi. Uliza: "Mmeacha kufanya nini kwa ajili yake?"

Mtakwimu:
Hapo tunakaribiana. Lakini kwa mfano wangu hatua ya pili ni saili 230, kila moja ikila saa nzima au zaidi. Anayetaka kila mtoto apimwe aseme kwanza saa hizo zitatoka wapi. Ningeanza na wale ambao mwalimu au mzazi ameshawatilia shaka, maana humo wenye tatizo ni wengi zaidi na dodoso lilelile linafanya kazi vizuri zaidi.

Mwalimu wa Awali:
Ukisubiri sisi tutilie shaka, utaletewa wanaolia. Yule mkimya hatumpeleki popote, ndiye anayetupa nafuu darasani.

Mleta mada:
Na huyo mkimya akipatikana, cha kwanza kufanywa ni nini?

Mpimaji:
Masikio, kabla ya alama zozote. Mtoto asiyesikia vizuri hajibu akiitwa, hung'ang'ania mtu aliyemzoea na hukwepa kelele za wenzake, na mzazi atayaweka yote hayo kwenye maswali ya hofu ya watu. Baada ya masikio, lugha: anaunganisha maneno mangapi nyumbani, na kwa lugha ipi? Anayefundishwa kwa lugha asiyoijua anaweza kukaa kimya miezi bila ugonjwa wowote. Kisha usonji, hasa kama hata nyumbani haonyeshi kitu kwa kidole ili mwenzake naye akione. Hayo yakishatazamwa, ndipo ifunguliwe fomu.