Wakuu, saiti mira (vioo vya pembeni vya gari) zinasetiwaje ili bodaboda zisipotee kwenye kioo?

Habari za muda huu wakuu. Gari ni Toyota IST, usukani kulia. Kioo cha kulia kinaonyesha mlango wa nyuma mpaka kitasa, cha kushoto hivyohivyo. Pale Mandela Road, Dar, gari inayoovateki inaonekana kioo cha ndani, inapotea, mara ipo dirishani. Bodaboda za kushoto ndiyo balaa kabisa. Kioo cha kushoto si orijino, ni cha kuchongesha kwa mkata vioo. Vikaeje? Na vile vioo vidogo vya duara vya kubandika juu ya saiti mira vinasaidia? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Gia
Mkuu, tatizo ni hicho kitasa. Ubavu wa gari yako haukimbii, hauhitaji kulindwa. Sehemu ya kioo inayoonyesha mlango umeinyang'anya leni ya jirani, na nyuma tayari kioo cha ndani kinakuonyesha. Vioo vitatu, vyote vinatazama palepale.

Anza na siti na usukani, ukishabadilisha siti baadaye kila kitu kinaharibika. Kioo cha ndani kichukue dirisha lote la nyuma. Halafu, gari ikiwa kwenye tambarare, egemeza kichwa kwenye dirisha lako la kulia na usogeze kioo cha kulia kwenda nje mpaka ubavu wa gari ubaki kama uzi ukingoni. Ukikaa wima, uzi huo upotee. Kwa cha kushoto, peleka kichwa katikati ya gari, chini ya kioo cha ndani, ufanye vilevile. Juu na chini: upeo wa barabara upite katikati ya kioo.

Bonyeza swichi kidogokidogo. Kioo kikigeuka nyuzi 5, unachokiona kinahama nyuzi 10, ndiyo maana watu wanapitiliza. Na usisukume kwa kidole kioo chenye mota, meno ya ndani ni plastiki.

Angalizo: video nyingi za mtindo huu ni za Marekani, usukani kushoto. Ukiiga kama zilivyo, unaegemea upande usio wako.

Muuliza swali
Nimefanya. Sasa sioni gari langu kabisa, nahisi kama vioo vimelegea. Na kupaki je?

Kipanga76
Hiyo hisia ni ya siku chache. Usiamini hisia, pima. Paki, mwambie mtu atembee kutoka nyuma kuja mbele, hatua mbili kutoka ubavuni. Kabla hajatoka kioo cha ndani awe ameshaingia kioo cha kulia. Kabla hajaisha kwenye cha kulia umwone kwa pembe ya jicho huku unatazama mbele. Rudia kushoto. Akipotea kati ya kioo cha ndani na cha pembeni, umetoa nje mno. Akipotea kati ya kioo na jicho, bado kimeingia ndani. Mtu ni mzuri kuliko gari kwa jaribio hili kwa sababu ni mwembamba kama pikipiki.

Kupaki: inamisha kichwa kama ulivyofanya wakati wa kuseti, ubavu unarudi kuonekana. Usiguse swichi.

mama_probox
Sikubaliani na "usione gari kabisa" kwa kila mtu. Ukipakia mzigo mpaka darini, au ni kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) chenye bodi, kioo cha ndani hakina kazi. Hapo vya pembeni ndiyo macho yako ya nyuma, acha ubavu uonekane kidogo. Ukishusha mzigo, seti upya.

Mzee wa Gia
Sahihi mama. Mtindo wangu unategemea kioo cha ndani kiwe wazi, kwa hiyo hata tinti nzito ya nyuma au midoli dirishani inauharibu.

Fundi Bodi
Hapa hakuna aliyeuliza kuhusu hicho kioo cha kuchongesha, na mimi naona nusu ya tatizo ipo hapo. Chukua rula, ilaze juu ya kioo. Ikigusa mwanzo hadi mwisho, ni bapa. Ikigusa katikati na ncha zikaacha mwanya, kimebinuka. Orijino za magari haya ya Japani zimebinuka. Bapa kinaona eneo dogo, na bodaboda ileile itaonekana karibu kushoto, mbali kulia. Utaseti mpaka uchoke. Tafuta kilichobinuka cha IST hiyohiyo.

Wakati wa kubandika, kwanza peleka mota katikati kwa swichi. Silikoni iwe nyembamba, vidonge vitano sita. Ikiwa nene upande mmoja kioo kinalala, na ikifurika pembeni inashika kava. Funga kwa selotepu mpaka kesho yake. Ukisikia tra-tra-tra na kioo hakisogei, mota imefika mwisho wake au kuna kitu kimezuia, acha swichi.

Vya duara: weka kona ya nje. Kinakwambia kuna kitu au hakuna, umbali usipimie hapo. Kwenye kioo kidogo cha IST kinakula nafasi, mimi ningeacha.

Kipanga76
Na kabla ya kukata kushoto, geuza shingo mara moja. Bodaboda iliyobana kati ya gari na ukingo wa barabara, usawa wa mlango wa nyuma, hakuna kuseti kunakokuhakikishia utaiona kiooni.