UZI: Kidole kidogo! Mtu mzima anabonyeza bodi yangu kwa KIDOLE KIDOGO!

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Yule bwana wa Ngamiani mnamjua, simtaji, yule miwani yake inakaa kwenye paji la uso hata usiku. Leo kanivua nguo mbele za watu.

Nilikuwa najaribu ESP32, ile bodi ndogo ya kielektroniki, ipokee ujumbe kwa micro-ROS, yaani ROS 2 (programu za roboti) iliyopunguzwa ikae kwenye bodi ndogo. Kitu chenyewe kidogo tu: bodi inasikiliza topiki (njia ya ujumbe yenye jina lake) ya Int32, yaani namba kamili, ikipata 1 taa iwake, ikipata 0 izime. Ejenti, programu inayoiunganisha bodi na ROS 2, nimeshaiwasha kwenye laptopu, natuma kwa amri ya ros2 topic pub, natuma tena, taa inapepesa tu. Vijana wamejaa, wengine wametoka Muheza asubuhi. Akaja. Hakusalimia, hakuuliza. Akanyoosha KIDOLE KIDOGO, kile cha kuchokonolea sikio, akabonyeza EN, kitufe cha kuiwasha bodi upya. Taa ikatulia. Akatuma 0 ikazima, akatuma 1 ikawaka. "Ulikuwa unasubiri mkunga?" Akaondoka na chai yangu!

Kidole kidogo, wakuu! Angetumia cha shahada ningevumilia. Kicheko kile Pemba wamekisikia. Na msiniletee habari za ejenti kutangulia bodi, nilikuwa NAELEKEA kubonyeza. Hoja ni kidole.

Binti Chumbageni: Mleta uzi, kupepesa kule ndiko bodi ilikuwa inalia kwamba imeamka haikumkuta ejenti. Na wewe ukawa unaituma tu? Unapiga hodi nyumba haina mtu 😂

Mzee wa Kebo: Mkunga 😂😂 nimemwaga kahawa

Mleta uzi: Chekeni. Kidole chenyewe kina kucha ndefu. KUCHA!

Kahawa Chungu: Afadhali yako. Mimi laptopu ilikuwa inatuma kwa besti efoti (ukifika ufike, usipofika basi), bodi inataka rilayabo (uhakikishwe umefika), ujumbe haufiki na bodi kimya. Huyo huyo akachungulia ros2 topic info -v, amri inayoonyesha anayetuma na anayepokea wamepangwa vipi, akasema "hawa hawajaposana", akaenda zake kuswali. Sijalala.

Binti Chumbageni: @Kahawa Chungu si uibadilishe bodi nayo iwe besti efoti

Kahawa Chungu: Nilibadilisha, ikafanya kazi. Ndiyo maana namchukia.

Mzee wa Kebo: Nyie mna bahati mnafika kwenye topiki. Mimi nimenunua kebo barabara ya 12, kumbe ya kuchaji tu, nyaya za data hazimo. Nimesaka ttyUSB0, jina ambalo bodi hujitokeza nalo kwenye laptopu, mpaka adhuhuri, nimeng'oa na draiva, programu ya kuitambua bodi.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye kidole

Raskazone Juu: Barabara ya 12 duka la kona? Chaja yao imebabua meza ya mke wangu.

Kahawa Chungu: Na spika zake za masikio zinasikika upande mmoja.

Mzee wa Kebo: Mod badilisha kichwa cha uzi tafadhali, tumshughulikie huyu wa kebo.

Raskazone Juu: Taratibu jamani, ni shemeji yangu. Ila chenji yangu ya elfu mbili hajarudisha tangu Idi.