Wakuu, simu za ofisi tatu zipigianeje kwa namba fupi? Dodoma, Kibaigwa na Singida

KaraniAlizeti
Habari za jioni wakuu. Nipo kampuni ndogo ya kununua mahindi na alizeti. Ofisi kuu ipo Area C hapa Dodoma, ghala na mizani vipo Kibaigwa, na Singida tuna mashine ya kukamua mafuta. Dodoma tuna mtambo wa simu wa zamani wa waya wenye simu 12 za mezani, tunapigiana kwa tarakimu mbili. Kibaigwa na Singida kila mtu anatumia simu yake ya mkononi.

Pale mapokezi kuna karatasi imebandikwa ukutani kwa selotepu, namba zimeandikwa kwa peni, tarakimu kumi kumi. Wiki iliyopita tarakimu ya mwisho kwenye namba ya mizani ilikuwa imefifia, 1 nikaisoma 7. Nilimpigia mtu baki mara tatu, na dereva wa fuso yuko mizani tangu saa nne asubuhi anasubiri ruhusa ya kushusha magunia. Alishusha saa tisa alasiri. Iliniuma sana.

Kitabu cha mtambo kinasema naweza kuhifadhi namba ndefu, nikibonyeza nyota na tarakimu mbili inapiga yenyewe. Hiyo inatosha?

FundiWaya_Dom
Pole dada, na pole kwa dereva. Haitoshi. Kifupi cha nyota kinakupunguzia kubonyeza tu. Simu bado inatoka nje, inalipiwa kama kawaida, na wa Kibaigwa hawezi kukurudishia kwa kifupi hicho. Unachohitaji ni ofisi zote tatu ziwe chini ya mtambo mmoja.

Weka mtambo wa IP, yaani unaopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, hapo Dodoma. Programu ya Asterisk ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Kibaigwa na Singida mnapeleka simu za IP tu, zinajisajili Dodoma kupitia intaneti. Kwa meza mbili tatu usikubali kuuziwa mtambo kila ofisi. Zile simu 12 za zamani usizitupe, kuna visanduku vinaitwa ATA vya kuziunganisha na mtambo mpya.

Intaneti isikutishe. Maongezi yasiyobanwa yanakula karibu kilobiti 90 kwa sekunde kwenda, na 90 kurudi. Tenga 100 kwa kila simu inayoongea.

MamaManyoni
Mdogo wangu, kabla hujanunua hata waya, kaa na daftari upange namba. Sisi tulikurupuka tukajuta. Tulikuwa na 20 kwa meneja na 201 kwa stoo. Ukibonyeza 20, mtambo unakaa kimya sekunde kadhaa ukingoja kama utaongeza tarakimu. Watu wakadhani simu mbovu, wakarudi kwenye mikononi.

Namba zote ziwe na urefu mmoja. Tarakimu ya kwanza iwe ofisi: 2 Dodoma, 3 Kibaigwa, 4 Singida. Mbili zinazofuata ziwe kazi ya mtu, na zifanane kila ofisi: mapokezi 00, uhasibu 10, stoo 20, mizani 30. Hapo mizani ya Kibaigwa ni 330, ya Singida 430, na hakuna atakayehitaji karatasi ukutani. Msianze na 0 maana namba za nje zinaanza na 0, wala na 1 maana 112 ni ya dharura na 114 ni zimamoto.

FundiWaya_Dom
Mama kamaliza. Niongeze hapo kwenye 112: mtu wa Kibaigwa akiipiga kwenye simu ya mezani, itatokea kwenye laini ya Dodoma, na msaada unaweza kutafutwa Dodoma. Kwa dharura kule watumie mkononi, na waambiwe mapema.

RautaMtumba
Naomba mnisikilize kwenye hili. Usiuache mtambo wazi kwenye intaneti. Mlango 5060, ambao mitambo hii huupokelea simu, unapekuliwa na wezi usiku na mchana. Wakipata neno la siri jepesi kama 330 kwa simu 330, wanapiga nje ya nchi usiku kucha na bili inakuja kwako. Unganisha ofisi kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na simu za nje ya nchi zifunge kabisa kama hamzihitaji. Rauta za laini za mkononi mara nyingi hazina anwani ya intaneti ya kudumu, lakini ikiwepo Dodoma peke yake inatosha. Hizo nyingine ndizo zinazoipigia hodi.

KaraniAlizeti
Asanteni sana. Na umeme ukikatika Dodoma, si ofisi zote tatu zinanyamaza?

RautaMtumba
Ndiyo, kwa hiyo mtambo na rauta vikae kwenye UPS, ile betri ya akiba. Intaneti ya Kibaigwa ikikatika, mwambie fundi 330 isipojibu simu iruke yenyewe kwenda mkononi kwa mtu wa mizani. Hiyo mtailipia, ila gari halitakwama.

KaraniAlizeti
Hiyo ya kuruka ndiyo imenikuna. Nimeshachora daftari kama mama alivyosema, namba 19 kwa ofisi zote. Kesho nampelekea bosi, na nitamwomba tuanze na simu mbili tu, 200 na 330, tuzijaribu kabla mahindi hayajaanza kumiminika.

MamaManyoni
Anza hivyo hivyo. Na huyo wa mizani mpigie wewe mwenyewe siku ya kwanza.