Binti yangu anaanza shule karibuni, usingizi sipati. Naombeni ushauri

Baba Ka:
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Binti yangu wa kwanza ana miaka 4 na nusu, mwezi ujao anaanza shule ya awali na mimi ndo nahangaika kuliko yeye, mama yake anasema namuambukiza mtoto presha. Mtoto mwenyewe mchangamfu sana, hapa ndani anaongea toka anaamka mpaka anasinzia, anaimba, rangi anazijua, anahesabu mpaka 20 ila 13 anairuka (sijui 13 ilimkosea nini). Swali langu dogo tu, nimuandae vipi hizi wiki zilizobaki asije akapata shida kule? Wenye uzoefu tafadhali, matusi sitaki.

Domo Kaya:
Anaongea, anaimba, anahesabu, sasa shida iko wapi mkuu? Wa kwangu alianza shule akiwa anang'ata watu na hatukufungua uzi.

Shangazi Mkali:
Achana na mambo ya kuhesabu baba, hayo ndo anaendea shule. Mfundishe kwenda chooni mwenyewe, kuvua na kuvaa, kujifuta, kunawa, kufungua chupa yake ya maji na chombo cha chakula bila kuita mtu. Mwalimu ana darasa zima pale. Mdogo wangu wa mwisho aliingia shule anasoma herufi zote mama anajisifia mtaa mzima, siku ya kwanza tu kashindwa kufungua kifungo cha suruali, yaliyofuata najua mimi niliyeenda kumchukua. Mnunulie nguo ya kiuno cha lastiki, na viatu vya kubandika, kamba ataenda kuzijua mbele.

Zamu ya Usiku:
Usingizi wakuu, wazazi wengi wanausahau. Mtoto wa miaka 3 mpaka 5 anatakiwa alale masaa 10 mpaka 13 kwa siku, hapo na kale kausingizi ka mchana kamo. Kama sasa hivi analala saa nne usiku usisubiri jumapili ya mwisho ndo umlazimishe, anza kumrudisha nyuma robo saa robo saa. Mimi wa kwangu nilimlazimisha siku moja kabla, tukaangaliana mpaka usiku wa manane.

Ngoma Droo:
Wazazi wa siku hizi bwana. Sisi tulipelekwa tukaachwa getini, tukalia, tukanyamaza wenyewe, na leo ni watu wazima.

Domo Kaya:
@Ngoma Droo mtu mzima unayeshinda jukwaani saa nne asubuhi ya jumanne

Ngoma Droo:
Niko likizo.

Mwl Chaki:
Mtoa mada, nimefundisha wadogo miaka mingi. Mzazi wa mtoto anayeongea kutwa huwa anakuja kuniuliza atatuliaje darasani. Wewe unaogopa "asije akapata shida kule". Shida ipi? Kuna kitu umekiacha.

Baba Ka:
Hakuna kitu mwalimu, ni wasiwasi wa kawaida wa mtoto wa kwanza.

Mwl Chaki:
Sawa.

Baba Ka:
Ok basi ngoja niseme. Akiwa nje ya nyumba haongei. Simaanishi ana aibu, namaanisha haongei KABISA. Wageni wakija ananyamaza mpaka watoke, hata bibi yake anayemjua toka amezaliwa, akitaka kitu anamnong'oneza mama yake sikioni na mama ndo anafikisha. Siku ya kumuandikisha mwalimu mkuu alimuuliza jina, mtoto akaganda, macho chini, nikajibu mimi. Ni zaidi ya mwaka sasa. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu inauliza kama mtoto ana changamoto yoyote, nikaandika HAKUNA na fomu nimesharudisha. Kabla hamjanirukia, nina sababu zangu, mtoto akishapewa jina siku ya kwanza ndo linamfuata mpaka anamaliza, nataka aanze upya ambako hakuna anayemjua kama "yule asiyeongea". Na nimemuahidi akiongea siku ya kwanza nampa baiskeli.

Pilipili Kichaa:
CHAI. Na haina hata sukari. Uzi unaanza mtoto anaongea toka anaamka mpaka anasinzia, tukishuka chini kidogo mtoto haongei kabisa. Mtunzi ungesoma kwanza ulichoandika juu. Halafu nimepitia nyuzi zako za nyuma, huyu mtu mwaka jana alikuwa anatafuta mchumba humu, "sijaoa sina mtoto". Binti wa miaka 4 na nusu katoka wapi?

Domo Kaya:
😂😂😂 nimekaa paleeee

Zamu ya Usiku:
Dah, na mimi nimeandika kwa moyo kabisa.

Baba Ka:
Hii akaunti nilikuwa natumia na mdogo wangu, ule uzi ni wake. Sina haja ya kumthibitishia mtu mtoto wangu.

Pilipili Kichaa:
Mdogo wako. Haya.

Shangazi Mkali:
Mimi lile la mchumba hata halinihusu, ninachotaka kujua ni nani kamshauri mambo ya baiskeli.

Mwl Chaki:
Pilipili, mengine sijui, ila hilo unaloona halilingani ndo hali yenyewe ilivyo. Kuna watoto nyumbani wanaongea vizuri tu na shuleni hawatoi neno, sio ukaidi wala ububu, ni hofu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, umeiweka kwenye kundi la matatizo ya wasiwasi, na wanasema iwe imedumu angalau mwezi 1, tena mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi maana hapo watoto wengi wananyamaza tu kwa ugeni. Wa kwako nje ya nyumba ni zaidi ya mwaka. Kampimeni masikio kwanza, na muone daktari wa watoto, mtandaoni hatupimi mtu. Pia kama shule inatumia lugha ambayo mtoto haijui vizuri hilo ni jambo lingine, lisichanganywe na hili.

Sasa kuhusu HAKUNA. Mtoto asiyeongea haombi kwenda chooni. Haombi maji. Hasemi kama tumbo linauma au mwenzake kamsukuma. Mwalimu asiyejua ataona kiburi, atamsimamisha mbele ya wenzake amlazimishe, na hapo sasa ndo jina analipata.

Sauti ya Chini:
Huwa nasoma tu humu sichangii ila leo imenibidi. Mimi nilikuwa huyo mtoto. Jibu nalijua, liko mdomoni, koo linafunga. Waliniahidi vitu, ikawa mbaya zaidi kwa sababu sasa kila mtu anasubiri niongee. Na siku nilipotoa neno darasa zima likageuka likapiga makofi, nikanyamaza tena muda mrefu sana. Mtoa mada, akiongea usishangae, usimpongeze mbele za watu, endelea kama vile ni kawaida. Na akiulizwa kitu subiri kidogo kabla hujamjibia, hata kama ukimya unakuumiza.

Ngoma Droo:
Pole sana @Sauti ya Chini. Kwenye darasa letu alikuwepo mmoja hivyo, tulikuwa tunamuita jina baya. Ngoja nikae kimya.

Baba Ka:
Nawasikia. Ila mama yake utotoni alikuwa hivihivi na leo kwenye simu humnyamazishi, ilikwisha yenyewe. Na fomu nimesharudisha, nikienda kuibadilisha nitaonekana muongo.

Shangazi Mkali:
Ilikwisha yenyewe baada ya miaka mingapi? Kamuulize mkeo hizo siku alikuwa anaendaje chooni.

Mwl Chaki:
Fomu iache. Ongea na mwalimu wa darasa uso kwa uso kabla ya kufungua. Kubalianeni ishara ya choo, au kadi yenye picha anayoinyanyua. Omba mwende darasani watoto wakiwa hawapo, wewe na binti tu, mcheze mpaka aongee na WEWE mle ndani. Siku nyingine mwalimu awepo mbali anafanya kazi zake bila kumtazama, anasogea kidogo kidogo, swali la kwanza liwe la kuchagua, "unataka nyekundu au bluu", sio "hujambo unaitwa nani". Akinyoosha kidole, pokea kidole. Na asubuhi ya kwanza muage, mwambie nani atakuja kumchukua, ondoka. Usitoroke akiwa hakuoni.

Baba Ka:
Hilo la kwenda darasani likiwa tupu nitaliomba, naliweza. Kusema kila kitu kwa mwalimu bado tunajadiliana na mama yake.

Pilipili Kichaa:
Bado sijaamini lakini swali moja, baiskeli inafutwa au?

Baba Ka:
Mkuu, mtoto ameshaiona. Iko nyuma ya mlango.

Shangazi Mkali:
Mpe leo. Mpe tu bila sharti, halafu ukapige simu shuleni.