Serikali ikiruhusu mbegu za GMO, sisi wa Mtwara na Lindi tunapata nini?

Mwana Msimbati
Wadau, habari za jioni. Kenya baraza lao la mawaziri liliondoa zuio la GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, Oktoba 2022, zuio lililokuwepo tangu 2012. Kesi zikafuata, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha ruhusa hiyo. Kwetu majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yalianza 2016. Mwaka 2018 wizara ya kilimo ikaagiza yasitishwe na mabaki yateketezwe, na 2021 Mkenda, waziri wa kilimo wa wakati huo, akafunga mjadala. Mimi nasema ufunguliwe, na si kwa ajili ya mahindi. Kwa ajili ya mihogo. Msimu huu nimeng'oa shina lenye majani mazuri tu, nikamenya, ndani madoa ya kahawia makavu, magumu kama kizibo. Mbuzi ananusa, anaondoka. Ugonjwa huu wa michirizi ya kahawia unatumaliza, na Wakenya tangu 2021 mamlaka yao ilishapitisha muhogo wa GMO unaohimili ugonjwa huohuo. Sisi tunangoja nini?

Mama Mikindani
Tunangoja tusiuzwe, mwanangu. Leo shamba langu likiharibika naenda kwa shoga yangu, ananipa mzigo wa pingili, jioni napanda. Hiyo ya maabara nikimpa jirani si nitaitwa polisi? Mbegu ina mwenyewe, na mwenyewe yuko Marekani.

Bwana Shamba Nachingwea
Shikamoo mama. Tuweke mambo sawa kidogo. Mahindi chotara si GMO, na hapa watu wengi wanayachanganya. Chotara ni mbegu mbili zimezalishwa pamoja, ukirudia mbegu yake mwakani mavuno yanashuka, ndiyo maana unarudi dukani. GMO ni kuingiza kinasaba maabara. Mahindi yaliyozua ugomvi Kenya yana kinasaba cha bakteria wa kwenye udongo, anaua funza wa mabua. Kwa muhogo hayasaidii kitu. Muhogo wao wa 2021 ni kazi ya KALRO, taasisi yao ya utafiti wa kilimo, na taasisi ya Donald Danforth ya Marekani, umewekewa kipande cha kirusi chenyewe ili mmea ujikinge.

Lakini ugonjwa huu si mgeni. Uliandikwa na watafiti wa Amani, Tanga, tangu miaka ya 1930. Na aina zinazovumilia zipo bila GMO. Iko Kiroba, iko inayoitwa Naliendele kabisa, imetoka kituo chetu cha utafiti hapahapa nje ya mji wa Mtwara. Masasi kuna ya wazee, Nanchinyaya, inavumilia na hakuna maabara iliyoigusa. Swali langu: mbona pingili safi za aina hizi hazifiki vijijini? Kama tumeshindwa kusambaza hizi, hiyo mpya italetwa na nani? Jibuni hilo kwanza.

Dar Kwetu
Mtaalamu umeeleza vizuri. Ila tuseme ukweli, ndugu zetu wa kusini mkishalipwa korosho mnasahau kabisa shamba la chakula, ni ngoma na kuoa mpaka msimu mwingine. Hata ikiletwa mbegu ya aina gani, kama mtu hapalilii haitamsaidia.

Mjukuu wa Newala
Wewe Dar Kwetu ufute hiyo kauli. Umewahi kupuliza salfa? Unaamka usiku upepo ukiwa umetulia, mashine mgongoni, vumbi la njano linaingia machoni, mikorosho mpaka uimalize, na baada ya wiki chache unarudia, maana ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, haukusubiri. Huku Newala juu maji yenyewe ni kazi. Bibi yangu ameshuka bondeni na ndoo tangu msichana. Leo uniambie mimi sipalilii?

Kisamvu cha Karanga
Na hiyo hela ya korosho anayoisema, amewahi kuulizia ilivyolipwa 2018? Wakulima walikataa bei za mnadani mwezi wa kumi, serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, wanajeshi wa JWTZ wakaja kubeba. Ukaja uhakiki. Mtu ana mikorosho ya babu yake anaambiwa athibitishe shamba. Wengine walionekana kangomba, yaani walanguzi wa korosho za wakulima, wakati ni korosho zao wenyewe. Hizo ngoma tulicheza na nini?

Dar Kwetu
Mimi mama yangu ni wa Ruangwa, simtukani mtu. Nimesema ninachokiona nikija likizo. Na hiyo 3,300 ilikuwa juu kuliko mnada, semeni na hilo.

Kisamvu cha Karanga
Ilikuwa juu kwenye karatasi. Watoto wanaenda shule Januari, karatasi haishoni sare.

Mjukuu wa Newala
Hujafuta kauli bado.

Mama Mikindani
Dar Kwetu, baba, mimi ni mkubwa wako, nakwambia kwa upendo. Mtu akija likizo mwezi wa kumi na mbili anakuta sherehe, kwa sababu kazi imeisha. Njoo mwezi wa sita na wa saba utukute chini ya mikorosho. Aliyekulea anajua.

Fundi wa Mtama
Jamani kuna mtu atarudi kwenye mbegu? Mimi tatizo langu si GMO wala nini, tatizo ni kuuziwa uongo. Nilinunua mahindi kwenye duka moja mjini, pakiti nzuri, ina lebo ya TOSCI, wale wathibitishaji mbegu wa serikali, nimekwangua namba. Yaliyoota ni ya kuhesabu, na yaliyoota yalitoka marefu na mafupi, punje za rangi tatu kwenye gunzi moja. Nimerudi naambiwa mvua ndiyo mbaya. Jirani kapanda ya kwake ya ghalani, mvua ileile, kavuna. Sasa kama chotara tu naibiwa na sina pa kushitaki, GMO nitaitambua kwa macho gani?

Ng'ambo ya Ruvuma
Hapo umegusa. Na msisahau Msumbiji nao wamefanya majaribio ya mahindi ya GMO, kule Chokwe. Ni mbali, kusini kabisa ya nchi yao, lakini wakija kuruhusu, nani atazuia mtumbwi pale kivukoni Kilambo, Mto Ruvuma? Watu wanaoleana, mbegu inavuka kwenye kanga. Tutakuwa nayo bila kuulizwa.

Mwana Msimbati
Ndiyo maana nasema bora iruhusiwe na sheria iwepo kuliko ije kwa mlango wa nyuma. Kanuni zetu za GMO za 2009 zilikuwa zinambana mwenye teknolojia alipe madhara hata bila kuthibitishwa uzembe, ndiyo maana watafiti walikwama mpaka zikalegezwa 2015 kwa ajili ya utafiti. Kwenye biashara kibano kibaki vilevile. Anayeiamini mbegu yake haogopi kulipa.

Kisamvu cha Karanga
Burkina Faso walikuwa na sheria pia. Walianza pamba ya GMO ya Monsanto, kampuni ya Marekani, 2008, wadudu wakapungua kweli, lakini nyuzi zikatoka fupi, soko likashusha bei, 2016 wakaachana nayo. Hasara ikaanguka kwa nani? Sisi wa korosho tunajua bei ya mnunuzi ilivyo. Ukisikika tu kwamba eneo lina GMO, ufuta wetu wa Lindi na korosho zitaulizwa maswali hata kama hazihusiki.

Mjukuu wa Newala
Bei hiyohiyo ambayo Dar Kwetu anasema tunaichezea ngoma.

Dar Kwetu
Basi nimefuta. Samahani kwa wote mlioumia. Mama wa Mikindani, shikamoo.

Mama Mikindani
Marahaba baba. Bwana shamba, wewe swali lako limepita hewani na mimi ndilo nilitaka. Hizo pingili za Naliendele mtu wa kawaida anazipataje? Na nitajuaje kama ni nzima, maana majani yanadanganya.

Bwana Shamba Nachingwea
Nenda kituoni uulize wakulima wanaozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ndio wanaouza pingili zilizokaguliwa. Kama unachukua kwa shoga yako, usisubiri kiangazi majani yapukutike. Nenda shambani yakiwa bado yapo, angalia ya chini, yaliyokomaa, si ya kileleni. Ukiona umanjano unafuata mishipa ya jani, au michirizi ya kahawia kwenye sehemu changa ya shina, acha. Halafu ng'oa shina moja ukate mizizi yote kabla hujabeba mzigo. Aliyekupa asikasirike, mwambie ni kwa faida ya wote wawili. Na shamba jipya liwe mbali na la zamani, inzi weupe ndio wanaosambaza.

Fundi wa Mtama
Mimi nina kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Wakipatikana watu wa Mtama na Mnazi Mmoja tuchangie mafuta, tukachukue mzigo wa pamoja kabla mvua hazijashika.

Mama Mikindani
Mikindani iko njiani. Niandike.

Mwana Msimbati
Niandikeni na mimi, ila msimamo wangu kuhusu GMO haujabadilika.