Maji ya tangi la gari la kambi yana ladha mbaya, nianzie wapi?

Nyika4x4
Wakuu, habari zenu. Land Cruiser ya kambi, tangi la plastiki la lita 100 chini ya kiti cha nyuma, pampu ya volti 12, chujio la mkaa na bomba moja la jikoni. Maji yakikaa siku mbili tatu yanapata ladha ya plastiki na tope. Asubuhi, lita ya kwanza inanuka kama yai viza, kisha harufu inapungua. Tangi limesuuzwa kwa sabuni ya vyombo, hali ni ileile. Maji yanajazwa kwa mpira wa bustani, Karatu au Mto wa Mbu. Jik inafaa? Kiasi gani?

SpanaKumi
Mkuu, hiyo lita ya kwanza imeshajibu nusu ya swali. Maji yanayotoka mwanzo ni yale yaliyolala kwenye pampu, chujio na mabomba, si ya tangini. Harufu ya yai viza hutokana na bakteria wanaoishi pasipo hewa, ndani ya ute uliogandamana kwenye kuta za mabomba. Ukisuuza tangi peke yake, ute unabaki palepale, na sabuni inaongeza ladha yake.

Thibitisha kwa glasi tatu: maji ya bomba la chanzo, maji hayohayo yaliyopita kwenye mpira, na maji ya bomba la gari yaliyolala usiku. Onja na kunusa kwa mpangilio huo. Pale ladha inapobadilika ndipo penye kazi.

Jik inafaa, ila iwe ya kawaida isiyo na manukato. Toa maji yote, fungua kifuniko na futa tope la chini kwa kitambaa safi, kwa sababu tope hula klorini kabla haijafika kwenye ute. Fungua kichujio cha wavu kilicho kabla ya pampu ukioshe. Mara nyingi hapo ndipo uozo umejaa. Kwa Jik ya asilimia 3.5, weka mililita 150 kwenye lita 100. Hiyo inakupa takriban miligramu 50 za klorini kwa lita. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, mimina, jaza tangi mpaka juu, kisha washa pampu na ufungue bomba hadi unuse klorini. Funga, acha saa nne au tano. Usiiache siku nzima, inakausha mipira ya pampu. Mwaga kupitia bomba lenyewe, si koki ya chini tu, halafu suuza kwa matangi mawili au matatu ya maji safi.

Kisima_Kirefu
Nyongeza moja muhimu: toa kichungi cha mkaa kwenye kasha lake kabla ya kuweka Jik. Mkaa unameza klorini, kwa hiyo mabomba yaliyo mbele yake hayapati dawa. Cha zamani usikirudishe, kwani mkaa uliochoka ni makazi mazuri ya bakteria. Weka kipya baada ya kusuuza.

Na soma tarehe ya chupa. Jik iliyokaa miezi mingi kwenye joto imepungua nguvu, kipimo chako kinakuwa cha kwenye karatasi tu. Tafadhali pia usiongeze siki kwenye Jik kwa kudhani utasafisha zaidi. Inatoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa ni hatari kwa mapafu.

Nyika4x4
Shukrani sana. Ladha ya plastiki nayo? Kuna jamaa ameshauri magadi.

SpanaKumi
Anza kwa kuacha ule mpira wa bustani. Plastiki yake haikutengenezwa kwa maji ya kunywa, jua likiupiga ladha inahamia kwenye maji, na klorini ikikutana na mabaki hayo inatoa ladha ya dawa ya hospitali. Nunua wa maji ya kunywa, uumwage wote baada ya kujaza na uzibe ncha zote mbili.

Kwa tangi lenyewe, yeyusha nusu kilo ya bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuokea keki, kwenye maji ya uvuguvugu, jaza tangi, liache usiku mmoja, usuuze. Fanya hivyo siku nyingine, baada ya Jik kuisha kabisa.

Kisima_Kirefu
Magadi ya sokoni hapana, mkuu. Yale ya Ziwa Natron yana floridi nyingi. Maji ya visima vingi kuzunguka Meru pia yana floridi, na haina ladha wala harufu, kwa hiyo glasi tatu hazitaionyesha. Kuchemsha hakuiondoi, mkaa wa kawaida hauiondoi. Uliza chanzo kimepimwa, au chuja kwa mkaa wa mifupa.

Baada ya usafi, kila ukijaza kwenye chanzo usichokiamini weka kijiko kimoja cha chai cha Jik hiyohiyo kwa lita 100 na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Gari likilala zaidi ya wiki, toa maji yote, acha koki ya chini wazi na kifuniko kikiwa na wavu wa kuzuia wadudu.